Sista, Nataka Kusomea Kinga: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa wahudumu wenyewe, wauguzi, matabibu, watu wa jamii, na wengi wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: tunajifunzia wapi kuzuia ugonjwa, maana chuoni tulifundishwa zaidi kutibu. Nimezisoma zote. Hizi hapa nilizoweza kujibu kwa nafasi iliyopo, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua inawahusu wengi.

Shikamoo sista. Mi ni muuguzi wa diploma, nipo zahanati moja huku Kagera vijijini, mwaka wa 6 sasa. Tangu ile Marburg ya kwanza, ule ugonjwa wa virusi unaoua haraka, nina hamu kweli ya kusomea afya ya jamii, ile ya kuzuia ugonjwa kabla haujafika kwetu, ila kila semina ikija anaenda mtu yule yule, na masters siwezi maana sina digrii, nina watoto wawili na mama naishi naye. Kwa mtu kama mimi kuna njia au ndo nisahau? – Muuguzi wa zahanati, Kagera

Marahaba mdogo wangu. Usisahau kabisa, njia ipo na wala huhitaji kuacha kazi wala kumuacha mama.

Kuna mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani na maabara, yaani kufuatilia ugonjwa unavyoenea kwa watu, wengi tunayaita FELTP. Hapa Tanzania yalianza 2008, Kenya walitutangulia 2004. Watu wakisikia FELTP wanafikiria ile masters ya miaka 2 pale Muhimbili, wanakata tamaa palepale, kumbe hiyo ni ngazi ya juu tu. Chini yake kuna ya kati, kama miezi 9, na chini kabisa kuna ya msingi, ile wanaita frontilaini, miezi 3, na hiyo imetengenezwa kwa ajili ya watu wa vituo na wilaya, watu kama wewe. Unakaa darasani siku chache, unarudi kituoni kwako na kazi ya kufanya, unaenda tena darasani kuionyesha, unarudi tena. Kazi zenyewe ni za kwako mwenyewe: unakagua kama takwimu zilizoko kwenye rejista ndizo zilizopelekwa wilayani, unachora mwenendo wa ugonjwa wiki kwa wiki, unaenda kumfuatilia mgonjwa nyumbani kwake ujue alipatia wapi, unaandika ripoti fupi mtu akiisoma aelewe achukue hatua gani.

Sasa unaingiaje. Majina yanapitia wilayani, kwa DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, na mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, na hapa nikwambie ukweli, yule mtu anayeenda kila semina mara nyingi anaenda kwa sababu jina lake ndo linalokumbukwa haraka simu ikipigwa. Kwaiyo kazi yako ni kukumbukwa, tena kwa kazi. Chukua kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za vituo, kile cha wagonjwa wa nje, rudi nyuma wiki 8, hesabu malaria, kuhara na nimonia, tenganisha kwa kitongoji, chora kwa rula kwenye karatasi ya kawaida, kompyuta haihitajiki. Muonyeshe kwanza mganga mfawidhi wako, usimruke, halafu mwombe mkaipeleke kwa mratibu pamoja na barua ya kuomba kuwekwa kwenye orodha ya mafunzo. Barua ipite kwa mfawidhi, igongwe muhuri, nakala ubaki nayo. Baada ya miezi 2 peleka chati nyingine.

Nakwambia hivi kwa sababu mi nilichelewa kujua. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa kituo kimoja cha afya, naandika kitabu namba 5 kila siku mpaka mkono unauma, ila sikuwahi hata siku moja kufungua kurasa za nyuma nikasoma nilichoandika. Mvua zilikuwa zimechanganya, akaja mtoto anaharisha damu, nikamuandika, nikampa dawa, na bibi yake wakati anamfunga mgongoni akasema tu kama anajisemea, "na kwa jirani wapo wawili wanaumwa hivihivi." Usiku ule sikulala. Asubuhi nikafungua kitabu nikahesabu kwa kidole: watoto 11 ndani ya siku 9, 8 kati yao kitongoji kimoja, na tulipokwenda tukakuta wote wanachota kisima kimoja kilichokuwa chini ya mteremko wa choo cha shimo. Mtoto mmoja alikuwa ameshafariki. Jina lake lilikuwa kwenye kitabu changu, kwa mwandiko wangu, siku ya 4. Mpaka leo naukumbuka ule mstari ulivyokaa kwenye ukurasa.

Ndo maana naamini kinga ya nchi nzima inaanzia kwenye meza kama yako. Wewe uko Kagera unajua kuliko mimi. Marburg ya 2023 ilitangazwa tarehe 21 Machi huko Bukoba vijijini, wagonjwa 9, wakafariki 6, wengi wa familia moja, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya. Ikatangazwa imeisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ikarudi upande wa Biharamulo, ikaisha Machi. Ugonjwa kama ule haubishi hodi Dodoma kwanza, unabisha zahanati, unafika kama homa na kutapika, unafanana na malaria kali, na anayeweza kusema "hapana, huu ni msiba wa pili nyumba ileile, kuna kitu" ni yule anayeijua ile nyumba. Siku hizi kuna kipimo nchi nyingi zinakitumia wanakiita 7-1-7: siku 7 ugonjwa uwe umegundulika tangu uanze, siku 1 taarifa iwe imefika kwa wahusika, siku 7 hatua za mwanzo ziwe zimekamilika. Hizo 7 za kwanza hakuna waziri wala mtaalamu wa nje anayeweza kukusaidia, ni wewe na kitabu chako na simu yako ya kutuma taarifa ya wiki. Tafadhali usiache kuomba.

Sista habari. Nimemaliza fomu 4, nasikia serikali inachukua wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuna mtu mtaani anasema nimpe hela kidogo aniwekee jina. Nifanyeje? – Kijana, Morogoro

Usimpe hata mia, mdogo wangu. Nafasi haiuzwi.

Mpango wenyewe ni wa kweli, ulizinduliwa Januari 2024 na Makamu wa Rais wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, na lengo ni kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5, yaani wawili kila kitongoji au mtaa. Haufanyiki kote kwa wakati mmoja, mikoa inaingia kwa awamu, kwaiyo usishangae rafiki yako wa mkoa mwingine kaitwa na wewe bado. Mhudumu anatakiwa awe mkazi wa humohumo na wenzake wanahusika kumpendekeza, halafu anasoma miezi 6, nusu darasani nusu kwa vitendo. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, uliza tangazo limefika au bado, uliza na zahanati iliyo karibu. Wakati unasubiri jitokeze kwenye siku za chanjo na usafi, watu wakuone, maana hao wanaokuona ndo watakaosema "huyu tunamjua". Na huyo jamaa wa hela mtaje kwa mtendaji, atawaumiza wengine.

Dada, naona aibu hata kuandika. Wiki iliyopita nilijichoma na sindano nikimchoma mgonjwa dripu usiku, tulikuwa wawili wodi nzima. Sikumwambia mtu. Niliosha na spiriti nikaendelea na kazi. Sijawahi kuchanjwa homa ya ini. Naogopa kupima. – Jina nimelihifadhi

Mdogo wangu, pole sana, na aibu si yako. Wawili kwa wodi nzima usiku, mtu yeyote angejichoma.

Ila leo hii, ukimaliza kusoma hapa, nenda. Nitasema kwa utaratibu ili na wengine wasome. Dawa za kukinga VVU baada ya ajali, PEP, zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na bora zaidi ndani ya saa chache za mwanzo, zinanywewa siku 28. Wiki imepita kwaiyo kwako hizo muda umeshapita, lakini bado unatakiwa upime sasa, urudie baada ya wiki 6 na miezi 3, na bado kuna la kufanya kuhusu homa ya ini B: upimwe, na kama huna maambukizi wala kinga uanze chanjo mara moja, dozi 3, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Kama mgonjwa bado yupo wodini au jalada lake lipo, mwambie daktari mfawidhi atafutwe apimwe kwa ridhaa yake, hiyo itakupunguzia mawazo sana.

Uwezekano wa kupata VVU kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama watu 3 kwa kila 1,000. Homa ya ini B ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100 kwa mtu asiye na kinga! Yaani tunachokiogopa sana na kinachotuumiza sana ni vitu viwili tofauti. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka mezani siku 7. Na chanjo ya watoto ya homa ya ini B hapa kwetu iliingia 2002, kwaiyo muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo asijidanganye kwamba alichanjwa utotoni. Mwenye namba za dozi zake aziandike nyuma ya kadi yake ya kazi. Asiyenazo aulize kituoni kwake wiki hii hii.

Siku ya ajali yenyewe: maji yanayotiririka na sabuni, basi. Usikamue, usinyonye, spiriti haikusaidii. Ripoti, iandikwe kwenye rejista ya ajali, saa iandikwe. Na sindano usiifunike tena kifuniko kwa mikono miwili, itoke mkononi mwako iingie sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, na sefti boksi ikifika robo tatu inafungwa, haishindiliwi. Najua haya yote mnayajua. Ila mtu mchoka wa saa 9 usiku hafanyi anachokijua, anafanya alichokizoea, kwaiyo mafunzo ya kujikinga yasiwe ya mara moja ukiajiriwa. Mganga mfawidhi unayesoma hapa, tenga dakika 15 za asubuhi mara moja kwa wiki, mtu mmoja aonyeshe, wenzake wamtazame, ukutani pawe na namba ya nani apigiwe mtu akijichoma usiku, ili asiwepo tena mtoto wa watu anayekaa wiki nzima na hofu peke yake.

Niandikie tena baada ya majibu. Nitakuwa nakusubiri.

Hujambo dada. Mimi ni kliniko ofisa kwenye dispensari kaunti ya Kilifi. Tuko na CHP kadhaa, wale wahudumu wa afya wa jamii, chini yetu, wana simu, wana mashine za presha, lakini mimi sijawahi kufunzwa kufanya kazi nao, naona tu rufaa zikija. Kuna mafunzo? – Kliniko ofisa, Kilifi

Sijambo ndugu yangu. Huko kwenu hatua mlizopiga nazitamani, wale CHP kama 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao yenye mashine ya presha, ya kupima sukari, mizani na kipimajoto, na sheria ya afya ya msingi ikafuata mwaka uleule. Kwa upande wa kozi anza na ngazi ya msingi ya FELTP ya Kenya, ulizia kwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa sabkaunti yako, utaratibu wake unafanana na niliomuelezea muuguzi wa Kagera. Pia ulizia kwa afisa anayesimamia afya ya jamii hapo sabkaunti, wakifanya mafunzo ya kuwanoa upya CHP omba ukae nao darasani, usikae ofisini.

Lakini kitu kimoja hakingoji mafunzo. CHP akimtuma mtu mwenye presha kwako, mrudishie jibu. Mtu amefika, amepewa dawa gani, arudi lini, CHP amtembelee wiki ijayo aone kama dawa anakunywa. Presha haina maumivu, mtu akijisikia nafuu anaacha dawa, na wewe huwezi kumuona ukiwa dispensari ila CHP anapita mlangoni kwake. Ukirudisha jibu mara 5 utaona rufaa zinavyobadilika, zinakuja mapema, zinakuja na maelezo.

Sista, haya mafunzo ya mtandaoni bila posho yana faida au ni kupoteza bando? – Mkunga, Dodoma

Yana faida, hasa yale ya Shirika la Afya Duniani, ni bure, mengi yana cheti ukimaliza, na kuhusu kuzuia maambukizi kituoni yapo mazuri sana. Kabla hujaanza angalia kama yanatambuliwa kwenye alama zako za CPD, yale mafunzo endelevu ya kitaaluma, maana Baraza la Uuguzi na Ukunga linaziangalia kwenye leseni. Pakua masomo ukiwa kwenye waifai, somea nyumbani bila bando. Kuhusu posho nakuelewa, nauli ni nauli na mtu ana familia, na anayekuita mbali na kituo chako akugharamie. Ila mkunga, somo la kutokwa damu baada ya kujifungua likikukuta nyumbani jioni na simu yako, lichukue tu.

Shikamoo mama. Mi ni mhudumu wa jamii, nipo mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, ukanda wa Ziwa, mkoa wa Mara. Nilifundishwa vizuri kuhusu kipindupindu ila nikifika kwa watu wananiambia babu zao walikunywa maji ya ziwa na hawakufa. Nachekwa. Nifanyeje? – Mhudumu wa jamii (WAJA), Mara

Marahaba mwanangu. Usibishane na babu wa mtu, hutashinda na si heshima.

Fanya hivi. Tafuta wazee wenyewe, wa miaka 65 kwenda juu, kaa nao mwaloni wakati wa kupumzika, waulize kuhusu Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya 1973. Watakuambia! Watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi nchi nzima, redio katikati, wanasikiliza, wanajadili, halafu wanaondoka kwenda kuchimba vyoo. Wengi wa hao wazee walishika jembe wenyewe. Halafu waulize kipindupindu kilipokuja kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 70 waliona nini, nani alizikwa. Wewe nyamaza, waache vijana wao wasikie kutoka kwao. Hapo hutakuwa tena binti wa semina aliyekuja na fulana, utakuwa unaendeleza kazi ya wazee wao.

Pili, mwaloni usiende mchana na mabango. Wavuvi wanarudi alfajiri, wana kiu, wana njaa, na anayewauzia uji na chai ni mama mmoja au wawili. Huyo mama ndo mlango wako. Akitibu maji yake kwa dawa ya klorini, akasubiri nusu saa kabla ya kuyatumia, akaweka ndoo ya bomba na sabuni mbele ya benchi lake, umewakinga watu wengi kwa asubuhi moja bila kuhutubia mtu. Mwambie ukweli pia kwamba ikitokea mlipuko biashara za chakula ndo zinafungwa za kwanza, atakuelewa haraka sana.

Tatu, kila nyumba unayopita hakikisha mtu mmoja, hata mtoto wa darasa la 5, anajua kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, mbele yako kwa mikono yake, pakiti moja na lita moja ya maji safi, lita kamili, kwa chupa, siyo kwa kukadiria na sufuria. Na ajue kwamba kuhara maji kama ya mchele hakusubiri asubuhi, unamnywesha huku mnatafuta usafiri kwenda kituoni, maana mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache. Na wewe ukisikia hata mmoja wa hivyo, piga simu zahanati kabla hujafika nyumbani kwake.

Anza na mama wa uji, kesho alfajiri.